Mvinyo wa Mistari ya Juu

Chupa kutoka Dodoma ziliingia dukani Kariakoo Jumatatu. Alhamisi asubuhi Charmi alikuja kuzionja, kama alivyofanya kila Novemba kwa miaka sita. Alikuwa mnunuzi wa hoteli moja ndogo ya Upanga, na ndiye mteja pekee wa mvinyo wa mizabibu ya mistari ya juu ya kilima. Ule wa mistari ya chini ulipata wanywaji popote. Bila Charmi, mistari ya juu isingekuwa na sababu ya kulimwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Umepitaje kwenye foleni?"

"Nimeshuka Msimbazi, nikatembea. Gari lingefika kesho." Alivuta kiti. "Tufanye haraka. Baba akisikia nimekunywa saa nne asubuhi, ataitisha kikao cha ukoo mpaka Gujarat."

Kasmir, mwenye duka, alicheka kidogo. Kwa siku tatu hakuwa ameongea na mtu jambo lolote lisilohusu katoni.

Kwa miaka ishirini na miwili yeye aliuza hapa, naye mkewe, Matilda, alilima kule Dodoma, zaidi ya kilomita mia nne mbali. Walikutana Rombo wakati wa Krismasi, na hapa dukani kila Novemba, Matilda alipoleta chupa na kumimina mwenyewe. Alifariki Machi. Umbali kati ya Kasmir na kilima haukubadilika; kilichokoma ni simu ya saa moja jioni. Sasa saa hiyo alikula chipsi mayai amesimama nyuma ya kaunta, kisha akapanda ghorofani kulala.

Mezani aliweka glasi mbili. Kwao Rombo anayemimina huonja kwanza mbele ya mgeni, iwe pombe ya mbege au chochote kingine, ndipo amkabidhi. Kasmir hakuwahi kumimina mvinyo huu. Alifungua chupa, akajimiminia kidogo, akanywa.

Ulikuwa mvinyo safi, mwekundu, usio na kosa la kiwandani. Ulikuwa pia mwepesi kama juisi iliyoongezwa maji. Ule ukali mkavu unaoshika ulimi pembeni haukuwepo.

Akabaki ameshika chupa. Glasi ya Charmi ilikuwa bado tupu.

Alijua sababu. Mei, Candida, msimamizi wa shamba, alipiga simu kwamba majani ya mistari ya juu yanageuka manjano. Kasmir alifanya kile ambacho mfanyabiashara wa jumla hufanya: alinunua mifuko minne ya mbolea ya urea, akaipakia kwenye basi, akaagiza maji yaongezwe. Mavuno ya Agosti yalipanda kutoka kilo elfu moja na mia tisa hadi elfu tatu na mia moja. Aliwatajia majirani wote wa duka tarakimu hizo.

Lakini mteremko ule ulizaa vizuri kwa sababu ulinyima. Maji hayakai, mzabibu hulazimika kupeleka mizizi kwenye nyufa za mwamba, na zabibu hutoka ndogo, ngozi nene, maji kidogo. Matilda alilisha udongo, hakulisha mti: samadi ya mbuzi iliyokaa mwaka mzima, na marejea, mmea wa kurutubisha ardhi, yaliyopandwa kati ya mistari, yakafukiwa kabla ya kutoa mbegu. Urea ilileta majani, majani yakaleta kivuli, na zabibu zikavimba maji. Kasmir alikuwa amepima uzito wa maji.

"Mzee, mbona umenyamaza? Una mpango wa kuumaliza peke yako?"

Angeweza kummiminia. Huenda asingegundua, huenda angedhani ni mvua za mwaka huu. Akaiweka chupa chini.

"Huu sio ule," alisema. "Mei niliweka urea. Na maji mara mbili."

Charmi akainamia chupa. "Mistari ya juu?"

"Ndiyo, mistari ya juu."

"Mama Matilda angekufukuza shambani."

"Angenifukuza."

"Nionje hata hivyo." Akaonja, akatema kwenye kikombe. "Si mbaya. Ila kwenye orodha yetu tumeandika shamba halitumii mbolea ya dukani. Siwezi kuuweka pale."

"Najua."

"Wakaguzi wetu wanataka miaka mitatu kamili ipite, tangu mara ya mwisho mlipoweka kitu."

"Nitakuwa na miaka sitini na saba."

"Mimi nitakuwa bado napambana na foleni za Kariakoo." Akasimama, akachukua mkoba. "Ukirudisha shamba lilivyokuwa, nipigie. Nitakuja kuonja. Kununua siahidi."

Alipotoka, Kasmir aliosha glasi zote mbili, kisha akampigia Candida. Upepo wa kilimani ulikuwa unaingia kwenye simu.

"Urea imebaki?"

"Nusu mfuko, baba."

"Itoe shambani. Mpe yeyote mwenye mahindi. Na samadi ipo?"

"Ya mwaka jana ipo, ile aliyoiacha mama. Haijaguswa, kwa kuwa ulileta ile yako."

"Marejea yanapandwa lini?"

"Mvua ya kwanza tu. Wiki mbili, tatu." Candida akasita. "Ila safu za juu, mama alikuwa anapanda mwenyewe. Alituambia tusizikanyage. Nafasi alizokuwa akiacha sisi hatuzijui vizuri, sisemi uongo."

Kasmir hakuwahi kufika kilimani wakati wa kupanda. Alikwenda siku za mavuno tu, pale palipokuwa na cha kupimwa.

"Nitakuja na treni ya Jumatatu," alisema. "Tutatafuta mashina ya zamani ya marejea, tupime nafasi zake."

"Mtakuwa wangapi, niandae vitanda?"

"Mmoja."

"Haya. Lete viatu vya kufunga, baba. Kule juu ndala hazifiki."