Wateja Elfu Mbili wa Myanga

Nasimiyu, Mama Edinah kwa wenzake, angeweza kukuuzia sketi iliyofifia akakwambia ndiyo rangi ya kisasa, nawe ukaondoka kibandani kwake ukimshukuru. Kwa maneno hayo hayo matamu aliwashawishi wenzake wa chama cha Tujaribu, wauza mitumba wa Kitale, watoe akiba yao wanunue hisa za Ngurumo Neti, kampuni inayouza intaneti kule Bungoma. Kampuni ilitangaza kwamba katika soko la Myanga peke yake ina wateja elfu mbili kila wiki. Elfu mbili! Hata siku ya soko, ukihesabu na mbuzi, ungepata taabu kufika hapo. Lakini tangazo lilikuwa na picha za watu wakichekea simu zao, na Nasimiyu huwaamini sana watu wanaocheka.

Miezi ikapita, faida isionekane hata ya kununulia chumvi. Minong'ono ikaanza, na chama kikasema Jumapili kitakaa kulizungumza jambo hilo. Chama Nasimiyu angekiweza. Aliyemnyima usingizi ni Chesang, jirani yake wa kibanda, mwanamke wa Cheptais asiye na maneno mengi. Chesang alikuwa ametoa pesa za mabati ya nyumba ya mama yake, na tangu siku hiyo hajauliza swali hata moja. Afadhali angeuliza.

"Twende tukaone na macho yetu," Nasimiyu akamwambia.

"Twende," akasema Chesang, akafunga kibanda.

Ofisi ya Ngurumo Neti sokoni Myanga ilikuwa chumba kimoja nyuma ya posho mili ya kusaga mahindi, na juu ya paa palisimama antena ndefu. Hilo lilimpa Nasimiyu moyo. Ndani, mzee mmoja mwenye kitambi, Khisa kwa jina, aliyewahi kutengeneza redio kabla ya kuajiriwa kulinda intaneti, aliketi chini ya kioo kikubwa cha runinga ukutani, kilichoandikwa WATEJA WETU LEO. Chini ya maneno hayo palikuwa na namba, tena namba ya kuheshimika.

"Intaneti iko, tena moto," Khisa akasema. "Bonyeza Ngurumo, alafu paswadi ni balabala."

Nasimiyu, mzaliwa wa Bungoma, aliandika kama alivyosikia: balabala. Simu ikakataa. Chesang, ambaye shuleni alichapwa mara nyingi kwa kuchanganya r na l, aliandika barabara. Ikakataa.

"Si nimewaambia balabala!"

"Ndiyo hiyo nimeandika. Barabara," akasema Chesang.

"Hapana, mama. Balabala. Ile magari inapitia."

Nasimiyu akajaribu balabara. Wapi! Mama mmoja aliyekuwa akiuza visamaki vya omena mlangoni akaangua kicheko.

"Hiyo kitu? Mimi najaribu kila asubuhi kabla sijapanga omena yangu. Soko yote inajaribu. Tumezoea."

"Lakini kwangu inashika, bana!" Khisa akalalamika, akatoa simu yake kama ushahidi. Kweli ilishika. Mhubiri mmoja wa kwenye video akaanza kupaza sauti mle chumbani bila kukwama hata kidogo.

Hapo ndipo Nasimiyu alipoinua macho akaona kwamba ile namba ya ukutani imeongezeka. Akaandika upuuzi mtupu, jina la mbwa wake. Simu ikakataa, namba ikapanda. Akarudia. Ikapanda tena.

"Mzee, hii namba inahesabu nini?"

"Watu."

"Waliofanya nini?"

"Waliokuja."

"Waliokuja wakaingia, ama waliokuja wakafukuzwa?"

Khisa akakuna kidevu. "Wamekuja, mama. Si hiyo ndiyo muhimu?"

Nasimiyu aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kumbe elfu mbili aliowasifia Kitale nzima walikuwa watu wa kubisha hodi tu, tena wengi wao ni huyu mama wa omena.

Chesang hakuwa na haraka. Alimsogelea Khisa. "Mzee, wacha kusema. Andika."

Khisa akaandika, kidole kimoja kimoja: b-a-r-a-b-a-l-a. R moja, l moja.

"Na hiyo ni nini?"

"Balabala," Khisa akasema, bila wasiwasi wowote.

Chesang akainakili, na simu yake ikafunguka. Nasimiyu akamkumbatia, akaruka naye, akapiga vigelegele. Mama wa omena akatoka mbio kuwaambia wengine, na dakika si nyingi mlango ukajaa watu wanaouliza l iko wapi.

Khisa akampigia mkurugenzi, Bwana Walubengo, kumweleza habari ya paswadi na wageni wa hisa kutoka Kitale, akaweka simu kwa sauti kubwa. Walubengo alicheka vizuri sana.

"Ni makosa madogo ya herufi tu! Mama, nasikia unaongea vizuri. Waambie wenzako umefika, umehakikisha, intaneti iko. Hiyo si uongo. Nikufanye wakala wangu wa Kitale, unaonaje?"

Kweli haikuwa uongo. Jumapili ingepita kwa shangwe.

"Na wateja wa kulipa ni wangapi?" Nasimiyu akauliza.

"Sita," Khisa akanong'ona. "Pamoja na mimi."

Nasimiyu akamgeukia Chesang. "Wewe unasemaje?"

"Mimi sijui mambo ya intaneti, Mama Edinah. Hata ile tangazo sikusoma. Ulisema ni nzuri, nikatoa ya mabati."

Aliyasema hayo bila lawama yoyote, na yakamchoma Nasimiyu kuliko matusi. Akaiunganisha simu yake, akafungua kundi la chama, akabonyeza kinasa sauti.

"Akina mama, hamjambo. Niko Myanga. Intaneti iko, tena inakimbia. Lakini wateja si elfu mbili, ni sita. Mimi niliwaambia elfu mbili na sikuwa nimekuja kuangalia. Mnisamehe. Jumapili kila mtu aseme kama anataka pesa yake ama anabaki, na Chesang aseme wa kwanza."

"Mama, ngoja kwanza," Walubengo akaita kutoka simu ya Khisa. "Usitume, tuongee—"

Nasimiyu alikuwa ameshainua kidole kutoka kwenye kinasa, ujumbe umetoka. Kule Kitale ujumbe wa urefu ule ungezunguka weee kabla ya kufika, mtu akapata nafasi ya kubadili nia. Ngurumo Neti iliufikisha hapo hapo, na wenzake wakaanza kuusikiliza mmoja mmoja.