Bibi Aliyepakwa Mafuta Mara Nne

Bibi yangu alipakwa mafuta matakatifu ya wagonjwa mara nne, mara zote nne akapona, na kila alipopona familia nzima iliingia taabuni.

Alikuwa mshonaji wa mavazi ya Misa. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na cherehani ya miguu, meza ndefu ya kukatia, na kabati la vitambaa: kijani, zambarau, nyekundu, nyeupe. Alizaa watoto watatu. Wa kwanza ni mama mkubwa, mwalimu wa hesabu, mwoga wa kila kitu ambacho jibu lake haliko nyuma ya kitabu. Wa pili ni mama yangu, ambaye alikwenda kufanya kazi mbali akaniacha kwa Bibi. Wa mwisho ni mjomba, fundi pikipiki. Babu alifariki mapema, na nadhani ndiyo sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia Bibi, "Kaa chini."

Mara ya kwanza alikuwa na miaka sitini na mitatu. Ulikuwa moyo. Daktari alitutoa nje ya wodi akatuambia tujiandae. Paroko mzee akaja, akampaka mafuta kwenye paji la uso na kwenye viganja, na sisi tukaangua kilio mpaka muuguzi akatuomba tulie kwa zamu. Asubuhi Bibi aliamka, akadai chai, kisha akasema, "Nataka kujifunza kuogelea."

Mama mkubwa alidhani ni homa. "Mama, kuogelea wapi?"

"Majini, mwanangu. Wapi tena?"

Alieleza kwamba Mtakatifu Petro alipozama ziwani, watu walimsingizia bure kuwa hana imani, kumbe alichokosa ni mazoezi. Yeye hakutaka kuitwa na Bwana halafu amwaibishe. Akajishonea vazi la kuogelea kwa kitambaa cha zambarau kilichobaki kwenye mavazi ya Kwaresima, refu mpaka vifundoni, la mikono mirefu. Alipoingia kwenye bwawa la hoteli, vazi lilijaa hewa likavimba kama hema, naye akawa anaelea wima, rozari shingoni, akizunguka polepole.

"Bibi, piga miguu!" mwalimu wa kuogelea alipiga kelele.

"Miguu inapiga, baba. Ni gauni ndilo halisikii!"

Siku ya pili alishonea nati za pikipiki kwenye pindo. Alizama moja kwa moja kama jiwe. Walipomtoa, alitema maji, akasema, "Sasa nimemwelewa Petro." Siku ya tatu alipunguza nati nusu, na baada ya miezi miwili alikuwa anavuka bwawa huku na huku kwa Salamu Maria kumi kwenda na kumi kurudi.

Mara ya pili alikuwa na miaka sabini na mmoja. Nimonia. Paroko mzee akaja tena na kichupa chake cha mafuta, akampaka, tukalia. Baada ya siku nne Bibi aliketi kitandani akamwita mjomba. "Nifundishe pikipiki. Wagonjwa wa jumuiya wako mbali na miguu yangu imechoka kuwafuata."

Mjomba hajawahi kumkatalia mama yake kitu. Jumamosi alimfundisha kuwasha, kubadilisha gia na kuondoka. Somo la kusimama waliliweka Jumatatu. Bibi hakungoja Jumatatu. Jumapili alikwenda Misa kwa pikipiki, akafika kanisani salama kabisa, akakosa namna ya kushuka. Ikabidi alizunguke kanisa. Ndani, paroko mzee alikuwa ameanza mahubiri. Kila baada ya dakika moja tulisikia mngurumo ukija, tukamwona Bibi anapita kwenye dirisha la kwanza, la pili, la tatu, na alipofika usawa wa altare aliinamisha kichwa kwa heshima. Waumini wakaacha kusikiliza wakawa wanahesabu. Mzunguko wa ishirini na sita mafuta yakaisha. Bibi akaingia, vumbi hadi kwenye nyusi, akapiga goti, akakaa kiti cha mbele.

"Endelea, Padri," alisema. "Nimekukatiza."

Mara ya tatu, miaka sabini na minane, tatizo likiwa damu, alipona akataka kwenda kuhiji. Jumuiya ilikodi basi. Bibi alifika kituoni mapema mno, kama kawaida yake, akapanda basi lililojaa watu waliokuwa wakiimba kwa nguvu. Alifurahi kuona mahujaji wenye moyo namna ile. Kumbe walikuwa mashabiki wa timu ya mpira wakienda kwenye mechi ya ugenini. Alipogundua, walikuwa wameshakula kilomita mia mbili.

Alirudi baada ya siku tano, skafu ya timu imening'inia juu ya rozari. Mama mkubwa, ambaye alikuwa amesharipoti polisi, aliketi sakafuni kwa hasira na shukrani.

"Mama, ulipanda basi lisilo lako!"

"Nilipanda basi nililoletewa."

"Mkafanya nini siku tano?"

"Tulifungwa nne bila. Nikawasalisha rozari, matendo ya uchungu. Mwanangu, sijawahi kuona watu wakiyaelewa vizuri namna ile."

Pasaka iliyofuata mpiga ngoma wa mashabiki hao alibatizwa parokiani kwetu. Bibi akawa mama yake wa ubatizo.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini alipougua mara ya nne, akiwa na miaka tisini na mmoja, tulifanya kikao. Tulikaa kuzunguka meza ya kukatia, Bibi akiwa chumba cha pili, pumzi ikikwama na kukwamuka. Tatizo ni kwamba wiki moja kabla ya kuugua alikuwa ametaja anachotaka: juu ya mnara wa kengele kulikuwa na sanamu ya Malaika Mkuu Mikaeli, na ndege walikuwa wamemchafua uso kwa miaka arobaini. Bibi alitaka kupanda akamwoshe.

"Tusimwite padri," mama mkubwa alisema.

Mjomba alishtuka. "Dada, tumnyime Mama sakramenti?"

"Simnyimi. Namchelewesha kidogo. Akipakwa atapona, akipona atapanda, akipanda ataanguka."

"Na asipopakwa?"

Mama mkubwa, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne, alisukuma kiti nyuma. Alivaa viatu akaenda yeye mwenyewe kumwita padri. Paroko mzee alishazikwa zamani, na huyu wa sasa alikuwa kijana aliyemaliza seminari juzijuzi. Mama mkubwa alimsimamisha mlangoni.

"Padri, naomba umpake kidogo tu. Yamtoshe kufika mbinguni, lakini yasimtoshe kuinuka."

Padri alikuwa ameshatoa kichupa. "Mama, sakramenti haina nusu."

Akampaka. Siku ya sita Bibi alikuwa anauliza ndoo iko wapi.

Bibi aliomba ngazi ya zimamoto, na mkuu wao alikubali haraka kuliko tulivyoomba Mungu akatae. Alisema ngazi ya gari lake ilikuwa inahitaji kujaribiwa kwa vyovyote. Mimi ndiye niliyepanda naye kwenye kikapu cha chuma kilicho juu ya ngazi, nimeshika ndoo ya maji ya sabuni, macho nimeyafumba. Chini mama mkubwa alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi ili asione. Tulipofika juu, Bibi alitoa mswaki mfukoni akaanza kumsugua malaika pua, akimsemesha kama mtoto anayekataa kuoga.

"Bibi, huogopi?" niliuliza.

"Naogopa sana. Nilishajikojolea tulipofika usawa wa kengele. Usiwaambie."

Nilifumbua macho. Povu lilikuwa linamtiririka malaika kidevuni.

"Sasa kwa nini unafanya?"

Alimaliza sikio moja kwanza. "Kila nikipakwa, mjukuu wangu, nakuwa nimeshaaga. Kweli kabisa, nimeshakubali. Halafu asubuhi naamka, dari ni lile lile. Ukishaaga watu wote, ukalia nao, kisha ukabaki, unakuwa kama mgeni aliyesimama mlangoni saa nzima. Unaona haya. Lazima utafute kazi ya kufanya." Akanipa mswaki. "Sugua upande huo, mkono wangu haufiki."

Tukamaliza. Malaika akatokea kuwa na uso mzuri, wa kike kidogo, na kovu la saruji kwenye shavu ambalo hakuna aliyelijua.

Bibi alifariki miaka mitatu baadaye, Alhamisi asubuhi, bila ugonjwa wowote. Alikuwa anapinda ukingo wa stola ya kijani ya padri. Nilitoka kwenda kumletea uzi, nikarudi, mguu wake bado uko kwenye kanyagio na cherehani imesimama. Nilimwita mara mbili. Kisha nikatuma watu kwa padri na kwa mama mkubwa.

Padri alikuja mbio, viatu haviko sawa, kichupa mkononi. Alimgusa shingo, akakaa kwenye kiti changu, akatikisa kichwa. Mama mkubwa aliingia nyuma yake, mwenye miaka sabini na ushee, akihema.

"Mpake, Padri," alisema. "Mpake yote. Mwaga."

"Mama, ameshakwenda. Sakramenti ni ya walio hai."

"Mpake, nasema! Aende popote anapotaka, sitasema kitu!"

Padri hakumpaka. Alimshika mkono mama mkubwa, wakapiga magoti kati ya cherehani na meza, akaanza sala za marehemu, naye akaitikia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

Tulimzika Jumamosi. Mjomba alisukuma pikipiki yake mbele ya jeneza bila kuiwasha. Mashabiki walikuja na basi zima, wakasimama nyuma kimya, ngoma zao zimefunikwa kanga. Jeneza liliposhuka, padri alifungua kitabu, kisha akakifunga. Akatazama kaburini. Akatazama saa.

"Tungoje kidogo," alisema.

Hakuna aliyecheka. Tulingoja juani, watu mia tatu, dakika kumi nzima, wengine wametega masikio. Mwishowe mjomba akamsogelea akamwambia taratibu, "Endelea tu, Padri."

Padri akaendelea. Mama mkubwa alikuwa wa kwanza kuchota udongo, na alichota kwa mikono miwili.