Neli ya Tatu

Saa tatu asubuhi mashine ya kuzungusha damu ilisimama, na neli ya tatu ilikuwa nyekundu kutoka juu hadi chini.

Mpimaji aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Neli ya kwanza, yenye damu yake mwenyewe na kemikali ya kuunguza chembe za damu, nayo ilikuwa nyekundu. Hilo alilitarajia, maana chembe zikipasuka humwaga rangi yake majini. Ya pili ilikuwa na damu hiyohiyo na kemikali hiyohiyo, ila aliiongezea maji ya majani ya dawa aliyokuwa akiyachunguza: chembe nzima zimelala chini, maji juu meupe pe. Majani yale hayakuwahi kumwangusha. Katika ya tatu alitia chembe za mdogo wake na maji ya majani, basi. Kemikali hakuigusa.

"Rudia," alisema mkuu wa maabara.

"Nimesharudia, Mkuu."

"Basi ana upungufu wa kuzaliwa. Damu yake haina kimeng'enya cha kujikinga. Kinachowalinda wengine, yeye kinamchoma." Mkuu akavua miwani. "Anayanywa?"

Mpimaji alikuwa tayari anavua glavu. Kitindamimba huyo alipolazwa kwa homa, yeye ndiye aliyempelekea mama majani, akamwambia kifua mbele kwamba yanalinda damu. Mama hakungoja kuambiwa mara mbili. Tangu hapo mkojo wa kijana ulikuwa umegeuka chai ya rangi, na madaktari walitafuta chanzo wasikione.

Alimkuta daktari kwenye ujia wa wodi, akamweleza yote.

"Afadhali tumejua," daktari alisema. "Lakini figo zimegoma tangu alfajiri, na hapa hatuna mashine ya kumsafisha damu. Safari ya hospitali nyingine haiwezi."

"Mama anajua?"

"La figo, bado. Nitakuja kumwambia. Hilo la majani ni lako."

Ndani, mdogo wake alikuwa ameegemea mto, macho manjano. Mama alikaa kando yake, chupa ya chai mapajani.

"Dada, niokoe," kijana alisema kwa sauti nyembamba. "Mama yako ataniua kwa uchungu wa hii dawa. Hata mende angeomba radhi."

"Mwongo huyu! Amekunywa kikombe kizima," mama alicheka. "Bila majani yako, mwanangu, sijui leo tungekuwa wapi." Akamimina yaliyobaki chupani, akakisogeza kikombe mdomoni mwa kijana.

Mpimaji alinyoosha mkono.

"Nipe mimi, mama."

"Wewe unaumwa nini?"

Alitafuta maneno aliyokuwa ameyapanga njiani. Hayakuja.

"Nimechoka tu."

Mama alimtazama, akampa. "Haya, kunywa. Na wewe una damu."

Yalikuwa machungu, ya vuguvugu. Mwilini mwake yasingemdhuru; hilo alilijua kwa hakika. Alikunywa mpaka mashapo. Mama akapokea kikombe, akakisuuza, akakiweka juu ya meza ya mgonjwa, tayari kwa jioni.