Nusu Siku ya Wamboi

Tangu apigwe na kiharusi upande wa kushoto, Mburu hakuwa amevuka geti la nyumba yao kule Theta ila kwenda kliniki ya Thika kunyooshwa mkono na mguu, na hata hapo mkewe Wamboi alikuwa amemshika kiwiko. Kwa hiyo Muthoka wa bodaboda alipopigiwa simu asubuhi ile na kuambiwa, "Njoo unipeleke Ruiru, na usimwambie mtu," alidhani mzee anamtania.

Hakuwa na utani. Jana yake jirani yao Muigai alipita kumjulia hali, akamwachia neno. Wamboi alikuwa fundi wa kushona sare za shule katika karakana moja ya Ruiru, na mwezi huo alikuwa ameomba, akakubaliwa, awe anafanya kazi nusu siku, arudi nyumbani mchana. "Watu wa nusu siku hawahesabiwi," Muigai alisema. "Kodi watamkata vilevile, lakini bima ya afya asahau. Na mgonjwa ni wewe."

Neno hilo lilimganda Mburu kama kupe. Aliona mkewe anajiharibia maisha kwa ajili ya mtu asiyeweza hata kufunga kamba za viatu.

Ruiru walifika mashine zikinguruma. Mburu alikataa mkono wa Muthoka, akajikokota na bakora yake hadi kwa Jackie, karani wa mishahara.

"Habari yako, binti. Mimi ni bwana ya Wamboi."

"Baba Ngigi!" Jackie alimwita kwa jina la mwanawe. "Karibu, mzee, keti."

"Sikai. Nimekuja kuomba umrudishie kazi yake yote. Mimi nimeishi, hata nikienda leo ni sawa. Lakini asipoteze bima juu yangu."

Jackie aliacha kuandika. "Mzee, nani amekuambia atapoteza? Bima tunakata kulingana na mshahara. Mshahara ukipungua, makato yanapungua. Matibabu hayapungui. Wewe bado uko chini yake vile ulikuwa."

"Na kodi?"

"Mshahara wake wa sasa haufiki pale pa kukatwa kodi ya mapato. Ile alikuwa analipa, sasa inabaki kwake. Hata pengo la mshahara si kubwa vile mnafikiria." Akamtazama mzee usoni. "Lakini sikufichi. Akiba yake ya uzeeni itapungua, yake na ile tunamwongezea sisi. Nilimwambia hivyo."

"Akasema nini?"

"Muulize mwenyewe. Huyo nyuma yako."

Wamboi alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, nyuzi zimemjaa kwenye sketi. Alikuwa anaitazama miguu ya mumewe.

"Baba Ngigi. Kutoka huko nje mpaka hapa umeletwa na nani?"

"Na hii miguu."

Macho yake yakapanda hadi kifuani. Mwishowe akapata la kugombeza. "Ngai! Na sweta umeigeuza, ya ndani iko nje!"

Jackie akageukia kompyuta yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Wakatoka wakaketi kwenye benchi ukutani, Wamboi akaanza kumvua sweta ile.

"Ulidhani nakuja nyumbani kukuuguza?" akauliza.

"Kwani sivyo?"

"Kukuuguza ni Muigai anasema, jana nilimpita akitoka kwetu. Inua mkono. Tangu tuoane, wewe unatoka alfajiri na mimi natoka alfajiri, jioni tunakutana kama watu wa stendi, kila mtu amechoka. Chai ya mchana nimekunywa na wewe Krismasi peke yake. Sasa niweke akiba ya uzeeni, uzee gani? Si ndio huu tumeingia? Mimi nataka kukaa na wewe kungali na jua."

Mburu aliiweka bakora kando. Akapeleka mkono juu ya goti la mkewe, ule wa kushoto, uliokuwa ukisafiri polepole. Wamboi hakuusaidia. Aliungoja mpaka ukafika.

Saa sita mafundi walimiminika kwenda kula, naye Wamboi akaingia kuchukua mkoba wake. Muthoka akasogeza pikipiki. "Mzee, nikurudishe?"

"Rudi wapi?" Mburu alisema, akijiinua kwa bakora. "Tafuta mahali penye nyama nzuri hapa Ruiru. Mama Ngigi ametoka kazini. Na wewe uje, utakula."