Somoe na Mlango wa Nankwale

Mwaka wa pili wa vita vya Maji Maji, askari wa Wadachi walipokwisha kuchoma maghala ya mtama kuanzia Masasi hadi vijiji vya chini ya Newala, watu walianza kuteremka kuelekea Mto Ruvuma. Walikuja na mikeka kichwani na watoto mgongoni, wengi wao hawana hata chungu. Walikuwa wamesikia kwamba bondeni kuna ziwa liitwalo Nankwale, na kwamba ziwa hilo halijawahi kukosa samaki.

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa bahati. Nankwale iliungana na Ruvuma kwa mkondo mwembamba, ambao kiangazi mtu aliweza kuuruka. Wenyeji waliuita Mlango. Mvua zikikolea, mto ulifurika, maji yakapanda Mlangoni na kutandaa ndani ya majani marefu kandokando ya ziwa. Kambare wenye mayai walipita hapo kwenda kutaga. Basi tangu mvua ya kwanza mpaka mto uliporudi chini, ilikuwa mwiko kutega mgono Mlangoni. Migono, ile mitego ya fito iliyosukwa kama tenga refu, ilitegwa upande wa kina tu, tena ile yenye nafasi pana, samaki wadogo wapate kutoka.

Aliyeulinda Mlango alikuwa mume wa Somoe. Askari walimchukua kubeba mizigo, naye hakurudi. Somoe alimlia mumewe, kisha akachukua panga lake na kwenda kukaa pale alipokuwa akikaa yeye. Hakuna aliyempa kazi hiyo, wala hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza na mikono migumu kwa kusuka fito, na akisema neno hakulirudia.

Mvua zilipokaribia, likaja kundi kubwa kuliko yote. Liliongozwa na Mahmudu, mtu wa upande wa Masasi, aliyekuwa amepigana na Wadachi akaona wenzake wakianguka mbele ya bunduki. Mgongoni alimbeba bintiye Pili, na nyuma yake vijana watatu walibeba mizigo ya utupa. Kila mtu ziwani alijua maana yake. Majani ya utupa yakipondwa na kutiwa majini, samaki hulewa na kuelea, wakubwa kwa wadogo, na anayetaka huokota.

Somoe akawafuata kabla hawajafika ukingoni.

"Karibuni," alisema. "Huo mzigo uacheni hapo."

"Mama, usinizuie," alisema Mahmudu. "Sikuja kugombana na mwanamke. Mtoto huyu ana siku ngapi hajala, hata mimi sijui tena."

Somoe alimtazama Pili. Miguu ya mtoto ilikuwa myembamba kama fito za mgono. Akampokea bila kuomba ruhusa, akaenda naye kwake, akamnywesha mchuzi wa samaki kidogo kidogo. Mahmudu akasimama mlangoni pa nyumba, hajui afanye nini na mikono yake.

"Ukitia utupa," alisema Somoe huku akimfuta mtoto mdomo, "kesho tutakula mpaka tutapike. Keshokutwa samaki wataoza. Baada ya hapo utampeleka wapi mwanao? Kuna ziwa lingine unalolijua?"

Mahmudu akageuka kuitazama mizigo ya utupa. Somoe akaendelea:

"Huku upande wa kina tutatega pamoja. Kinachopatikana kitagawiwa kwa kila jiko, langu na lako sawasawa. Asubuhi wanawake tutapanda vichakani kuchimba viazi vya mwitu, ming'oko. Haitatosha. Sikudanganyi, haitatosha. Lakini Mlango hauguswi."

Mahmudu alikubali, ila utupa hakuutupa. Aliuweka ndani ya kibanda chake, na watu wote walijua upo.

Mvua zikaanza. Kila asubuhi Somoe aliongoza wanawake vichakani, wakachimba ming'oko kwa mijiti mpaka kucha zikakatika. Jioni aligawa samaki mbele ya watu wote, na fungu lake alilichukua mwisho. Hata hivyo njaa haikungoja. Mzee mmoja alifariki, kisha watoto wawili wa mama mmoja. Somoe aliwaosha wale watoto kwa mikono yake. Usiku huo hakula, na walio karibu naye walimsikia akisema peke yake, "Kama nimekosea, Mungu anisamehe."

Mto ukapanda. Asubuhi moja maji yalikuwa yameingia Mlangoni, mekundu kwa udongo, na Somoe alipofika aliona mgono umetegwa katikati ya mkondo. Ulikuwa umejaa. Kambare wamebanana humo, matumbo yamevimba kwa mayai, wanapiga mikia mpaka fito zinalia.

Aliutambua ule mgono mara moja, kwa sababu aliusuka yeye. Ulikuwa wa mama yake mzazi, Bi Stamili.

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Mahmudu naye alikuja. Bi Stamili akasogea mbele akijiburuta, kanga imemlegea kwenye mabega yaliyobaki mifupa.

"Ni wangu," alisema. "Nimetega mimi. Nina njaa, Somoe."

"Najua, mama."

"Basi utoe, tupike."

Kila mtu alijua kuwa mgono ule ungelisha kambi nzima siku hiyo. Pia walijua kuwa kama Somoe angeutoa kwa ajili ya mama yake, kesho yake Mlango ungekuwa na migono kumi, na Mahmudu angekwenda kuutoa utupa wake kibandani.

Somoe aliingia majini mpaka kiunoni. Akashika mkia wa mgono, akakata kamba, akaufungua. Kambare wakatoka kwa kishindo, wakamgonga mapaja, wakapotea ndani ya maji mekundu kuelekea kwenye majani.

Bi Stamili alipiga ukelele. "Samaki wamekuwa wanao kuliko mimi niliyekunyonyesha!"

Somoe alitoka majini, akapiga magoti mbele ya mama yake, machozi yakimtoka waziwazi. "Fungu langu la leo ni lako," alisema. "Na la kesho. Mpaka mto urudi, nitakula ming'oko tu. Lakini hawa siwezi kukupa, mama. Hawa ni wa wote."

Bi Stamili akamshika binti yake kichwa, akakibonyeza kwenye kifua chake kilichokonda.

Mahmudu aliondoka bila kuaga. Watu wakamwona akitoa mizigo ya utupa, akaipeleka mbali na maji, akachimba shimo refu na kuifukia. Aliporudi alikaa ukingoni mwa Mlango, mkuki magotini, akamwambia Somoe, "Nenda ukalale. Leo nalinda mimi." Tangu siku hiyo walipokezana.

Somoe alitimiza neno lake. Alikonda hata watu wakaogopa kumtazama, lakini hakuchukua fungu.

Mto uliporudi chini, Nankwale ilichemka. Majani yalipotoka majini, kulikuwa na samaki kila mahali, na wale wa upande wa kina walikuwa wanene. Watu walikula, wakakausha kwa moshi, wakapanda mteremko mpaka Newala na matenga kichwani kubadilishana samaki na mbegu ya mtama kwa wachache walioificha. Watoto wakaanza tena kupiga kelele, na Pili alikuwa mmoja wao.

Wengi walirudi kwao Masasi na Chiwata kulima upya. Mahmudu na bintiye walibaki. Mwaka uliofuata, wingu la kwanza lilipotanda juu ya Ruvuma, watu wa Nankwale walifika kwa Somoe kumwomba awaambie ni lini Mlango ufungwe, migono isitegwe tena hapo. Bi Stamili alikuwa amekaa kibarazani, amenenepa kidogo, akisuka mgono.

"Umefungwa tangu asubuhi," alisema yule bibi. "Ungekuwa wazi, mimi ningekuwa wa kwanza kutega."

Somoe akacheka mpaka akashika mbavu.