Kabari ya Karatasi

Mimi kazi yangu ni kula. Watu wakisikia hivyo hucheka, na wengine hunitazama kiuno kwanza kabla ya kuamini, lakini ndiyo kazi iliyonisomeshea mtoto. Kila Jumapili gazeti letu hutoa safu yangu, Meza ya Wawili, ambamo naeleza ni mkahawa gani mpya umefunguliwa mjini, unapika nini, na kama choo chake kina maji. Mji wenyewe siku hizi hautulii. Ukisafiri wiki mbili ukarudi, unakuta gereji imekuwa baa, na kiwanda cha uchapaji kimetundikwa taa na kinauza supu kwenye bakuli dogo kama la kulishia paka. Mimi huingia kote. Nimekalia viti visivyo na mgongo mpaka mgongo wangu mwenyewe umegoma.

Safu ina jina hilo kwa sababu niliianza nikiwa na mume wangu. Alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mimi. Huwezi kuupima mkahawa kwa sahani moja, kwa hiyo nilikuwa napiga simu kuweka meza ya watu wawili. Yeye anakula hiki, mimi nakula kile, halafu katikati tunabadilishana sahani. Fundi hakuwa na maneno mengi kuhusu chakula. Yeye alikagua meza. Akikaa tu, anaweka viganja vyote viwili juu ya ubao na kuusukuma kidogo, na meza ikicheza, hali kitu mpaka aitulize. Alichukua karatasi yoyote iliyo karibu, akaikunja mara tatu, akachomeka pembe moja ndani ili isifunguke, kisha akainama na kuisukuma chini ya mguu mfupi. Aliiita kabari. Nimeona watu wengi wakikunja karatasi, lakini ile ya kuchomeka pembe sijaiona kwa mtu mwingine.

Fundi alifariki miaka mitatu iliyopita. Safu sikuibadilisha jina, wala mtindo wa kazi. Bado naweka meza ya wawili, na mhudumu akija namwambia mwenzangu yuko njiani. Baada ya robo saa naagiza sahani mbili, nasema huyu naona amekwama, lete tu. Ni uongo wa kikazi, mdogo, haumuumizi mtu. Nimeusema katika migahawa isiyopungua mia.

Mambo yalianza kwenye mkahawa mmoja uliofunguliwa pale palipokuwa na duka la vipuri vya magari. Nilikuwa nimeweka meza ya saa saba mchana. Nikafika saa saba na nusu, maana kuchelewa ndio ugonjwa wangu na wanaonijua wameshanizoea. Mhudumu, dada mrefu mwenye aproni nyeusi, alitazama daftari lake, kisha akanitazama kwa huruma.

"Mama, mwenzako amekusubiri sana," alisema. "Ameondoka sasa hivi."

Nilimwambia amenifananisha na mtu mwingine. Akanionyesha daftari: jina nililolitunga mwenyewe kwenye simu, saa yangu, meza yangu. Nikaenda kuketi huku nimekasirika, nikidhani ni utani wa mwandishi wa gazeti pinzani. Mezani kulikuwa na kikombe cha chai isiyo na maziwa, kimenywewa nusu na bado kina joto, na kijiko kimelazwa kifudifudi juu ya mdomo wa kikombe. Fundi alilaza kijiko hivyohivyo. Niliweka viganja juu ya ubao, nikasukuma. Meza haikucheza. Nikainama kama mtu aliyedondosha hereni, na chini ya mguu wa kushoto nikaona kipande cha menyu yao kimekunjwa mara tatu, pembe moja imechomekwa ndani.

Siku ile sikula kitu. Safu niliiandika kwa kubahatisha, nikasifu samaki ambaye hata harufu yake sikuisikia.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwenye kile kiwanda cha uchapaji kinachouza supu. Safari hii nilichelewa robo saa tu. Mhudumu alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri kuliko nywele zangu, na kabla sijafungua mdomo aliniomba radhi: walijaribu kumshawishi mwenzangu abaki kidogo, hakukubali. Kikombe kilikuwa palepale, na kabari ilikuwa palepale. Nikamuuliza huyo mtu yukoje.

"Mzee mpole tu," alisema. "Aliuliza mara mbili kama umepiga simu."

Na hapa inabidi niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata binti yangu, ambaye ndiye mtoto wetu wa pekee.

Siku aliyofariki Fundi, tulipanga tukutane saa saba mchana kwenye hoteli ya zamani iliyokuwa na sakafu ya vigae vyekundu. Ilikuwa hoteli ya kawaida, ya kula sisi wenyewe, si ya gazeti. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, na daktari alimpa dawa za mchana akasisitiza azinywe akishakula. Mimi nikapitia kwanza mahali papya palipokuwa pamefunguliwa siku hiyo. Nilisema naonja kidogo tu. Mwenye mahali akanitambua, akaanza kuniletea hiki na kile, na kwa kweli kilikuwa kitamu. Fundi hakutaka kumiliki simu, kwa hiyo saa saba na nusu niliipigia hoteli nikasema, mwambieni mzee nipo njiani. Nilikuwa na uma mkononi. Saa nane na nusu nikapiga tena, nikasema vilevile, na hata mikono nilikuwa sijanawa.

Fundi hakuwahi kula kabla yangu tangu tuoane. Nilimjua, nilijua hatakula, na bado nilisema nipo njiani. Nilipofika saa kumi kasoro, wahudumu walikuwa wamekizunguka kiti chake. Walidhani amesinzia. Dawa zilikuwa mezani, hazijafunguliwa, na chai ilikuwa imepoa. Watu wote niliwaambia ni foleni ya magari. Binti yangu mpaka leo anailaani barabara ile, na mimi namwacha ailaani.

Kwa hiyo Fundi alikuwa bado anasubiri. Nilianza kuwahi. Mahali pa tatu, palipokuwa zamani na ofisi ya posta, nilifika saa saba kamili, nikaambiwa ndiyo kwanza ametoka. Mahali pa nne nilifika nusu saa kabla, na kijiko kilikuwa kimeshalazwa, kikombe kina moto wa kuunguza mdomo. Nilitoka mbio mpaka barabarani na leso ya mezani bado mkononi. Watu walikuwa wanapita na shughuli zao. Nilirudi ndani nikalia mbele ya mhudumu ambaye hakujua aniletee maji au bili. Nilitaka nimkute mara moja tu, nimwambie ukweli, basi.

Ndipo mhariri wangu akanipigia. Jumamosi, alisema, kuna mkahawa unafunguliwa chini ya lile ghorofa jipya la vioo, nadhani unapajua, palikuwa na hoteli ya zamani wakaibomoa. Nilimwambia napajua. Nikaweka meza ya wawili, saa saba, lakini nikakusudia kuwa mlangoni saa nne asubuhi, wanapofungua.

Jumamosi hiyohiyo binti yangu alikuwa ameniomba tule mchana pamoja, upande wa pili wa mji, saa saba. Alikuwa na neno, na hakutaka kulisema kwenye simu. Alishaniomba mara mbili nikaahirisha kwa ajili ya migahawa. Nilimkubalia. Nilijiambia nitamaliza yangu mapema.

Mkahawa ulikuwa unanuka rangi. Sakafu ilikuwa ya saruji inayong'aa, na kwenye kona moja tu, karibu na dirisha, walikuwa wamebakiza vigae vyekundu kumi au kumi na mbili kwa ajili ya urembo. Mhudumu alikuwa mama wa makamo aliyefunga nywele kwa kitambaa, na bila kuniuliza alinipeleka kwenye meza ya hapo kwenye vigae. Niliketi, nikaweka viganja, nikasukuma. Meza ilicheza, kulia, kushoto, kulia. Nusura nicheke kwa sauti. Sijawahi kuifurahia meza mbovu namna ile. Nilikuwa nimemtangulia.

"Uko peke yako, mama?" aliuliza mhudumu.

"Mume wangu yuko njiani," nilisema, na nikaomba vikombe viwili vya chai isiyo na maziwa.

Nikasubiri. Kumbe kusubiri ni kazi, tena ngumu kuliko yangu. Kila mlango ukifunguka shingo inainuka yenyewe, kisha inashuka taratibu ili watu wasione. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Mhudumu alikuja mara tatu kuuliza kama alete chakula. Njaa iliniuma, lakini sikutaka kula kabla yake. Kila nilipogusa meza ilicheza na vikombe viligongana na visahani vyake. Nilikuwa naogopa, sitadanganya. Niliogopa atakuja, na niliogopa zaidi asije.

Saa saba na robo simu yangu ikalia. Alikuwa binti yangu.

"Mama, uko wapi?"

"Nipo nji..."

Neno halikutoka lote. Chini ya viwiko vyangu meza ilitulia. Nilisikia mguu wake ukikaa sawa, kama pale mtu anaposukuma kitu chini yake kwa kidole gumba. Kikombe cha upande wa pili kilikuwa na kijiko juu ya mdomo wake, kimelazwa kifudifudi, na kiti cha upande ule kilikuwa kimesogezwa nyuma kidogo. Hakukuwa na mtu.

"Mama?"

"Sipo njiani," nilisema. "Nimekaa. Bado hata sijanyanyuka."

Nilimuuliza kama amekula.

"Nakusubiri wewe," alisema.

Ni mtoto wa baba yake, na mimi sikuwahi kuliona hilo hata siku moja.

"Kula, mwanangu," nilimwambia. "Agiza sasa hivi, ule. Mimi naondoka hapa dakika hii, na nina neno la kukwambia kuhusu baba yako."

Nilikata simu, nikainama. Kabari haikuwa kipande cha menyu. Ilikuwa karatasi ya njano yenye mistari, ya vile vitabu vya oda vya hoteli ya zamani. Niliivuta, nikaichomoa pembe, nikaikunjua. Kwa kalamu ya risasi mtu alikuwa ameandika: Mzee wa dirishani, mkeo amepiga, yuko njiani. Chini yake, mwandiko uleule: Saa nane na nusu, amepiga tena, yuko njiani.

Alikuwa ameuweka ujumbe wangu chini ya mguu wa meza, akaketi kunisubiri.

Nilizungumza na kile kiti. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama tulivyokuwa tukizungumza nyumbani. "Sikuwa njiani, Fundi. Nilikuwa nakula. Mara zote mbili nilikuwa nakula." Nililia, na nilijisikia vibaya kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi bado nilikuwa na foleni ya magari ya kujifichia. Chai ya upande wake, niliyoiagiza tangu asubuhi, ilikuwa inatoa mvuke.

Niliitia karatasi ile kwenye mkoba, binti yangu aione. Nilipoegemea meza ili ninyanyuke ilicheza tena, kulia, kushoto. Mhudumu aliniona nikichukua vitu vyangu, akaja haraka.

"Mama, na mwenzako akija nimwambie nini?"

Kitabu chake cha oda kilikuwa mkononi. "Andika," nilimwambia. "Mwambie nimeondoka. Mwambie ale, asinisubiri."

Aliandika yote bila kushangaa, akachana karatasi, akaiweka kando ya kile kikombe cha pili. Nilimlipa, nikatoka.

Nilivuka barabara kutafuta teksi, na kabla sijaipata nikageuka. Ndani, nyuma ya kioo, meza yetu ilionekana vizuri. Kiti kile kilikuwa kitupu, na karatasi haikuwa tena kando ya kikombe. Mlango wa jikoni ukafunguka, yule mama akatoka na sahani moja iliyojaa chakula, sahani ambayo mimi sikuiagiza. Aliiweka upande wa pili, mbele ya kiti kile, na meza haikucheza.