Zamu Isiyo na Mwisho

Tangu Baba apooze upande mmoja, tuko wawili wa kumhudumia: mimi na mdogo wangu, mwandishi wa programu za kompyuta anayefanyia kazi zake sebuleni. Ndiye aliyeweka kengele ya kitandani. Kila Baba akibonyeza, mbonyezo huo huchukua jina linalofuata kwenye orodha ya zamu: Dada, Mdogo, Dada, Mdogo, bila mwisho. Jina hutokea kwenye kioo kidogo kando ya kitanda, na simu ya mwenye jina hulia. Akibonyeza tena, wito wa kwanza unazimika, linakuja jina la pili.

"Orodha isiyo na mwisho umeiweka wapi?" nilimuuliza.

"Haiwekwi popote, dada. Inatengenezwa jina moja moja, likihitajika."

Jibu hilo sikulipenda hata kidogo. Kitu kisicho na mwisho ni mahali pazuri pa kufichia uvivu.

Nikaanza kuchora vistari ukutani jikoni, kimoja kila nilipoitwa. Kufikia Ijumaa vilikuwa ishirini na saba, na yeye nilimwona akiingia kwa Baba mara mbili tu. Siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu wangu hata kumi hakumaliza.

"Umejitoa kwenye orodha," nilimwambia.

Akanigeuzia kompyuta bila kuinua macho. Kila wito ulikuwa na namba yake, moja hadi hamsini na nne, hakuna iliyorukwa. Ishirini na saba zangu, ishirini na saba zake.

"Na zako mbona huendi?"

"Zinazimika kabla sijafika mlangoni."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Nikaenda kusimama nyuma ya mlango wa Baba, ulioachwa wazi kidogo, simu mfukoni mwa aproni. Haukupita muda Baba akabonyeza. Kioo kikaandika: Mdogo. Nikasikia kiti kikisogezwa sebuleni, kisha nyayo. Baba akakitazama kioo, akabonyeza tena. Simu yangu ikalia mfukoni. Nyayo zikasimama.

Niliingia nikiwa nimefura. "Baba! Mbona unamruka mwanao?"

Maneno yalimtoka polepole, upande mmoja wa mdomo. "Wewe unanigombeza. Yeye akinigeuza, analia. Nimechoka kuombolezwa ilhali bado nipo."

Nilimkuta mdogo wangu ukumbini, ameegemea ukuta. Nilimwonea huruma, na nikajionea aibu.

"Nilijua tangu siku ya tatu," alisema. "Baba hanitaki."

"Anakutaka. Machozi yako ndiyo hayataki. Ukiingia, mgombeze."

"Nimgombeze Baba?"

"Kama mimi."

Baada ya chai, simu yake ililia. Akajifuta uso kwa shati, akaingia.

"Mzee, umemwaga chai tena? Shuka limetandikwa asubuhi tu!"

Sauti ilitetemeka, lakini ilikuwa kali. Nilikaa jikoni na simu mkononi, nikingoja. Haikulia.